Lugha ya kwanza ya kompyuta ichaguliwe na mwalimu, si na soko

Lipo swali ambalo huwakabili wakuu wa idara za elimu ya kompyuta katika vyuo vikuu, nalo ni hili: kijana anayeingia mwaka wa kwanza, ambaye hajapata kuandika hata programu moja, afundishwe kwa lugha ipi? Kwa msomaji asiyeijua kazi hiyo, swali hilo laweza kuonekana dogo, mfano wa kuchagua kati ya kalamu nyeusi na kalamu ya buluu. Lakini sivyo. Jibu lake huamua kama chuo kitatoa mafundi wanaokijua wanachokifanya, au watumishi wa mitambo iliyobuniwa na wengine.

Jibu linalosikika zaidi siku hizi ni jepesi. Hutazamwa matangazo ya kazi, huhesabiwa ni lugha gani inayotakiwa na makampuni mengi zaidi, na lugha hiyo ndiyo wanayopewa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wanaoutetea utaratibu huo husema kwamba kijana anayesomeshwa kwa jasho la wazazi na kwa fedha za umma hana budi kupata kazi. Hoja hiyo ni ya haki, wala haifai kudharauliwa. Hata hivyo limo kosa ndani yake, na kosa hilo huonekana wazi mtu akiitazama historia ya lugha moja iliyotungwa na mwalimu kwa ajili ya wanafunzi wake. Lugha hiyo ni Pascal.

Yafaa kwanza kueleza lugha ya kompyuta ni kitu gani. Kompyuta yenyewe haielewi ila tarakimu. Kumwambia binadamu aandike amri zote kwa tarakimu tupu ni kumtwisha mzigo usiobebeka. Kwa hiyo wataalamu walibuni lugha zenye maneno machache na kanuni kali. Mtu huandika amri zake kwa maneno hayo, kisha programu maalumu, ambayo hapa itaitwa mfasiri, huyageuza kuwa tarakimu ambazo mashine huzitekeleza. Lugha za namna hiyo ni nyingi sana, na kila moja ina tabia yake.

Mwalimu wa Zurich

Profesa Niklaus Wirth alizaliwa mwaka 1934 katika mji wa Winterthur nchini Uswisi. Alipata shahada ya udaktari huko Berkeley, California, mwaka 1963, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford, kisha akarejea kwao, na mwaka 1968 akaanza kufundisha katika chuo kikuu cha ufundi cha Zurich, ambacho ni chuo cha umma.

Wakati huo wanafunzi wengi walifundishwa kwa lugha ya Fortran, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 kwa ajili ya mahesabu ya wahandisi na wanasayansi. Fortran ilifanya vyema kazi iliyokusudiwa, lakini haikutungwa kwa ajili ya kufundishia. Mwanafunzi alilazimika kukariri kanuni ambazo chanzo chake hakikuwa mantiki, bali desturi za mashine fulani. Alipomwuliza mwalimu sababu ya kanuni kama hiyo, mwalimu hakuwa na jibu ila kwamba ndivyo ilivyo. Mwalimu asiyeweza kujibu swali la "kwa nini" hufundisha kwa amri, na mwanafunzi wake hujifunza kutii kabla ya kujifunza kufikiri.

Ilikuwapo pia kamati ya kimataifa iliyokuwa ikitayarisha lugha mpya ya kurithi ile iliyoitwa Algol. Kamati hiyo ilielekea kwenye lugha kubwa, yenye mambo mengi kupita kiasi. Profesa Wirth hakukubaliana na mwelekeo huo, akajitenga. Alikusudia mambo mawili: kwanza, lugha inayofaa kufundishia kazi ya kuandika programu kama elimu yenye misingi, pili, lugha ambayo mashine za wakati ule zingeweza kuitekeleza bila kulemewa. Kazi ya mfasiri wa kwanza ilikamilika mwaka 1970, na mwaka 1971 wanafunzi wa Zurich wakaanza kufundishwa kwa lugha hiyo. Jina lake lilitokana na Blaise Pascal, mwanahisabati wa Ufaransa ambaye mwaka 1642 alianza kuunda mashine ya kujumlisha na kutoa ili kumsaidia baba yake katika hesabu za kodi.

Lugha ndogo, akili pana

Jambo la kwanza linalowafurahisha walimu wa Pascal ni udogo wake. Maneno yaliyowekwa na lugha yenyewe, ambayo mwandishi haruhusiwi kuyatumia kwa maana nyingine, ni 35 tu. Ni maneno ya Kiingereza yenye maana kama "anza", "mwisho", "ikiwa", "rudia mpaka". Mengine karibu yote mwanafunzi huyabuni mwenyewe. Na kwa kuwa Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida zisizo na alama juu wala chini, hakuna kinachomzuia kijana wa Morogoro au wa Mombasa kuviita vitu vyake mkulima, kijiji, kilo na malipo. Maneno 35 huweza kukaa kichwani mwa mtu. Mwanafunzi akiisha kuyajua, ameijua mifupa yote ya lugha, na baada ya hapo kazi iliyobaki ni yake.

Jambo la pili ni kwamba lugha hiyo humtaka mtu aseme mapema anachokusudia. Mwanafunzi anayeandika programu ya mishahara husema tangu mwanzo kwamba mwezi ni namba kati ya 1 na 12. Hesabu yake ikipotoka ikaleta mwezi wa 13, kosa hilo linaweza kunaswa papo hapo badala ya kupita kimya mpaka siku ya malipo. Aweza pia kutaja siku za juma kwa majina yake, Jumamosi mpaka Ijumaa, na lugha ikazitambua kuwa ni siku saba zenye mpangilio, badala ya tarakimu zisizo na maana. Aweza kukusanya jina la mkulima, kijiji chake na uzito wa pamba aliyoiuza, akavifanya kitu kimoja chenye jina moja, kama karani anavyovifanya katika daftari la chama cha ushirika. Hivyo programu huwa maandishi yanayosomeka. Mtu wa pili akiyachukua huyaelewa, na mtu wa tatu akiyachunguza huweza kuonyesha mahali palipokosewa.

Jambo la tatu ni namna ya kufikiri. Mwaka 1971 Profesa Wirth alichapisha makala akionyesha jinsi programu inavyojengwa hatua kwa hatua. Alitumia fumbo la kuwapanga malkia wanane katika ubao wa sataranji bila hata mmoja kumshambulia mwenzake. Fumbo hilo lina majibu 92, na mtu akilivamia lote kwa mara moja hupotea. Wirth aliligawa katika kazi chache kubwa: weka malkia, angalia kama yuko salama, akiwa hatarini rudi nyuma. Kisha kila kazi kubwa aliigawa katika kazi ndogo, mpaka zikafikia udogo ambao mashine huuweza. Mwalimu aliyepata kuona darasa zima likifika hapo, likatambua kwamba tatizo lililotisha asubuhi limekuwa matatizo matano madogo kabla ya saa sita mchana, anaijua furaha ya kazi hii. Ni furaha ya kumwona mtu akipata uwezo ambao hautaondoka naye siku lugha ile itakapoachwa.

Mfano wa kujitegemea

Katika kuzaliwa kwa Pascal limo pia somo ambalo msomaji wa Tanzania hatashindwa kulitambua. Mfasiri wa kwanza ulijaribiwa kuandikwa kwa Fortran, yaani kwa lugha ileile iliyokusudiwa kuachwa. Jaribio hilo lilishindwa, likatupwa. Wirth na wenzake wakachukua njia nyingine: waliandika mfasiri wa Pascal kwa Pascal yenyewe. Msomaji atauliza, ingewezekanaje, ikiwa hapakuwa bado na mfasiri wa kuyageuza maandishi hayo? Jibu ni kwamba mara ya kwanza kazi hiyo ya kugeuza ilifanywa kwa mkono. Mmoja wa wasaidizi alikaa nyumbani majuma mawili akiyageuza maandishi hayo kuwa lugha ya chini iliyo karibu na mashine. Baada ya hapo mfasiri aliweza kujifasiri mwenyewe, na kila toleo jipya likatengenezwa kwa msaada wa lile lililotangulia. Lugha ikasimama kwa miguu yake.

Kutoka hapo Pascal ilienea. Wirth na wenzake walitayarisha mfasiri aliyeweza kuhamishiwa kwa urahisi katika mashine za namna nyingine, na vyuo vikuu vingi vikampokea. Katika Chuo Kikuu cha California huko San Diego, Profesa Kenneth Bowles na wanafunzi wake waliifikisha Pascal katika kompyuta ndogo za mezani. Mwaka 1983 kampuni ya Borland ilitoa Turbo Pascal, iliyoandikwa na Anders Hejlsberg wa Denmark, ikauzwa kwa dola 49 na senti 95 wakati wafasiri wengine waliuzwa kwa mamia ya dola. Mwaka 1984 mtihani wa kompyuta wa vijana wa Marekani wanaojiandaa kuingia vyuo vikuu ulianza kutolewa kwa Pascal, na mwaka huohuo Profesa Wirth akatunukiwa tuzo ya Turing, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote katika elimu hiyo.

Haifai kuficha kwamba Pascal ilikuwa na upungufu. Mwaka 1981 Brian Kernighan, mtaalamu wa maabara za Bell nchini Marekani, aliandika makala akieleza kwa nini hakuipendelea lugha hiyo. Alionyesha, kwa mfano, kwamba utaratibu ulioandikwa kwa ajili ya kupanga orodha ya majina 10 haukuweza kupewa orodha ya majina 20, kwa kuwa ukubwa wa orodha ulihesabiwa kuwa sehemu ya aina yake. Lawama hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini tazama: upungufu wenyewe uliweza kuelezwa katika kurasa chache na kueleweka na mwanafunzi, kwa sababu lugha yenyewe ilieleweka. Ni vigumu kukosoa kitu ambacho hakuna mtu anayekijua chote. Wirth naye hakuishia hapo. Alitunga Modula-2, kisha Oberon.

Soko halina subira

Sasa tazama kilichofuata. Mtihani ule wa Marekani uliachana na Pascal, na mwaka 1999 ukahamia lugha ya C++ kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikitumika viwandani. Haikupita hata miaka mitano ukahamia Java. Kila mara walimu walilazimika kuyatengeneza upya masomo yao, na kila mara waliambiwa kwamba lugha mpya ndiyo ya wakati ujao. Leo vyuo vingi vimekimbilia Python. Ni nani awezaye kuapa kwamba kijana anayeingia chuoni mwaka huu ataikuta sokoni lugha ileile siku atakapofikisha miaka arobaini?

Na hiyo Python yenyewe ilitoka wapi? Guido van Rossum alianza kuitengeneza mwishoni mwa mwaka 1989 huko Amsterdam, katika taasisi ya utafiti wa hisabati na kompyuta. Kabla ya hapo alikuwa ameshiriki katika kazi ya lugha iliyoitwa ABC, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wanaoanza kujifunza. Mambo mengi ambayo makampuni huyasifu leo katika Python, hasa usomekaji wake, yalirithiwa kutoka katika lugha ile ya wanagenzi. Soko lilivuna katika shamba ambalo lililimwa kwa ajili ya kufundishia. Chuo kinachosubiri soko liamue hakiongozi. Kinafuata nyuma ya wale ambao waliwahi kufuata walimu.

Wapo waliopinga. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Texas kule Austin kilipotaka kuiondoa lugha ya Haskell katika somo la kwanza na kuweka Java mahali pake, Profesa Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyekuwa amestaafu katika chuo hicho, aliwaandikia barua wakuu wa chuo akipinga. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba lugha ya kwanza humfinyanga mwanafunzi, na kwamba Haskell, kwa kuwa karibu wanafunzi wote walikuwa hawaijui, iliwaweka wote mahali pamoja na kuwafunza kuona kwamba kazi hii ni zaidi ya mazoea waliyokuja nayo. Alijua alichokuwa akikitetea.

Wanaosema kwamba vijana wanataka kazi wajibiwe kwa haki. Hakuna anayedai kwamba mwanafunzi amalize miaka mitatu au minne bila kuzijua lugha zinazotumika katika mabenki, katika makampuni ya simu na katika ofisi za serikali. Azijue. Linalogombaniwa hapa ni utaratibu: kipi kitangulie. Aliyejengewa msingi kwa lugha ndogo anayoielewa yote hujifunza lugha ya pili na ya tatu bila taabu kubwa. Hejlsberg aliyeandika Turbo Pascal ndiye aliyekuja kuongoza utungaji wa lugha ya C# katika kampuni ya Microsoft, na baadaye TypeScript iliyotangazwa mwaka 2012. Lakini aliyeanza kwa kukariri vifaa vya kampuni moja, siku kampuni hiyo inapobadili vifaa vyake, huwa kama mtu aliyehamishwa mji usiku.

Somo kwa Tanzania

Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alidai kwamba elimu ijenge akili ya kuuliza, na uwezo wa kujifunza kutokana na yale wanayoyafanya wengine, kisha kuyakataa au kuyarekebisha yalingane na mahitaji ya mtu mwenyewe. Wakati huo kompyuta zilikuwa chache mno nchini. Mwaka 1974, baada ya mashine zilizotumika katika hesabu za Hazina kuleta matatizo, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Katazo hilo lilikuja kulegezwa, na leo hakuna ofisi kubwa inayoendeshwa bila mashine hizo. Lakini jambo lililolifanya taifa liwe na hadhari halijafa. Mtambo ulionunuliwa bila watu wanaoujua undani wake humfanya mwenye mtambo awe mpangaji katika nyumba yake mwenyewe. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hatari hiyo imepata sura mpya katika miaka hii. Zimetokea programu za akili bandia zinazoweza kumwandikia mwanafunzi kazi yake yote kwa muda mfupi. Wapo wanaosema kwamba basi hakuna haja tena ya kujifunza kuandika programu. Ukweli ni kinyume chake. Maandishi yakizidi kutoka katika mashine, ndivyo anavyozidi kuhitajika mtu awezaye kuyasoma, kuyapima na kusema, "hapa pana kosa." Mashine ikiandika programu ya kugawa pembejeo au kukokotoa pensheni za wazee, na programu ile ikakosea, atakayeumia ni mkulima na mstaafu. Nani atalibaini kosa hilo ikiwa chuo kilimfundisha kijana kuomba majibu tu?

Profesa Wirth alifariki dunia tarehe 1 Januari 2024, akiwa na umri wa miaka 89. Kazi yake ya miaka ya baadaye ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi alichokiamini. Katika miaka ya 1980 yeye na mwenzake, Profesa Jürg Gutknecht, waliunda Oberon, ambao haukuwa lugha peke yake, bali pia mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta, pamoja na mfasiri wake. Maelezo na maandishi ya mfumo huo yalichapishwa mwaka 1992 katika kitabu kimoja. Mwaka 2013, akiwa mzee wa miaka 79, alitoa toleo jipya, na safari hii hata ule ubongo wa mashine aliubuni mwenyewe, ili mwanafunzi aweze kuifuata kazi nzima, kutoka amri iliyoandikwa kwa maneno hadi saketi inayoitekeleza, bila kukuta mlango uliofungwa.

Hiyo ndiyo furaha ya mwalimu wa kompyuta, nayo haipaswi kuchukuliwa kuwa anasa ya wasomi. Ni furaha ya kusimama mbele ya vijana na kusema kwamba hakuna kilichofichwa: kila swali lina jibu, na kila jibu linaweza kuchunguzwa. Si lazima lugha hiyo iwe Pascal. Zipo nyingine ndogo na safi, na hata Python yaweza kufundishwa kwa moyo huo. La lazima ni kwamba mwalimu aichague kwa kumtazama mwanafunzi, aipende, na aweze kuieleza yote.

Mabaraza ya vyuo vikuu yanapokaa kupitia mitaala, yasianze kwa kuhesabu matangazo ya kazi. Yaanze kwa kuuliza: mwishoni mwa mwaka wa kwanza, je, kijana huyu ataweza kueleza kila mstari alioandika na sababu yake? Ikiwa jibu ni ndiyo, lugha nyingine zote atajifunza. Ikiwa jibu ni hapana, hata lugha inayotafutwa zaidi sokoni haitamwokoa, wala haitaliokoa taifa linalomtegemea.